Nta ya Kijiji

Jioni ile nilitumwa na gitaa. Wengine hutumwa na mama zao, au na wakubwa wao wa kazi. Mimi nilitumwa na ubao wenye nyuzi sita, uliokuwa umelala mezani kwangu Kanyenye, mjini Tabora, kifua wazi, ukisubiri nta.

Nikaenda Gongoni. Jua lilikuwa limeshagusa mabati, na muadhini alikuwa akisafisha koo kwenye kipaza sauti. Kornel alikuwa ameegesha Landrova ya serikali mbele ya mkahawa, mlango mmoja wazi, mguu mmoja nje, kama mtu ambaye mkutano unaweza kumwita wakati wowote. Alikuwa katibu kata wa upande wa Ipole. Aliniita shemeji kwa sababu mke wangu, Mwanne, alizaliwa katika kata yake, na viongozi wa siku zile walijihesabu kaka wa kila mwanamke aliyezaliwa chini ya bendera yao.

"Shemeji, nta yako hii," alisema, akanipa kopo la samli lililofunikwa kwa jani. "Nta ya kijiji. Vijana wamerina mizinga yote ya kule kwenye mahame."

"Mizinga ilikuwa na wenyewe."

"Sasa mwenyewe ni kijiji." Alicheka kidogo. Halafu akainama kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini lile swali aliloniuliza kila tulipokutana.

"Mzee hajafika tu?"

"Hajafika."

"Atafika. Alisema anakuja kwenu."

Nilishika kopo kwa mikono miwili. Lilikuwa na joto. Si joto la jua, maana lilikuwa limekaa chini ya kiti, kivulini. Lilikuwa na joto la kitu kilichotoka kukumbatiwa.

Mtu hamwulizi katibu kata kwa nini nta yake ina joto.

*

Mzee anayesemwa ni Ngollo, baba wa mke wangu. Alikuwa mfuga nyuki katika kitongoji kilichokaa kando ya njia ya zamani ya misafara. Baba yake alikuwa mpagazi, akabeba pembe za watu mpaka pwani na kurudi na nguo, pamoja na namna moja ya kufunga mzigo ambayo haikufunguka hata mvuani. Ngollo alirithi lile fundo. Alilitumia kwenye kamba yake ya kupandia mitini.

Hakuwa mtu wa haraka. Kupanda alipanda kama wenzake, lakini kushuka kwake kulikuwa sherehe: kila tawi alilijaribu kwanza kwa kisigino, akaliuliza hali, ndipo akalikanyaga. Siku ya harusi yetu alifika watu wakinawa mikono kumaliza kula. "Nilisema nakuja," alisema, "sikusema saa ngapi." Nilimpa koti, kama ada inavyotaka kwa baba wa binti. Alilivaa hapo hapo, na jua lile, na sikumbuki kumwona tena bila hilo koti.

Ulipofika mwaka wa Operesheni ya vijiji, malori yalikuja kuwahamishia watu wa kitongoji chake katika kijiji kipya kilichoitwa Mwamko. Watu walipakiwa asubuhi, na kabla ya jua kuzama ilitakiwa taarifa wilayani kwamba wote wamehama, na wamehama kwa hiari. Ngollo hakuwepo. Alikuwa mwituni kwenye mizinga yake. Kornel alikwenda kumfuata yeye peke yake, watu wakiwa tayari juu ya malori. Alirudi peke yake. Akawaambia mzee amekata shauri kwenda kwa binti yake Tabora.

Hakuja Tabora.

Niliuliza wilayani, nikiwa mtu wa ofisi, karani wa utamaduni, mwenye kalamu mbili mfukoni. Nikaambiwa kitongoji kile kimehamia Mwamko chote, hakuna aliyebaki, hivyo Ngollo yuko Mwamko. Nikauliza Mwamko. Nikaambiwa Ngollo yuko Tabora. Mjini mzee alikuwa kijijini, na kijijini mzee alikuwa mjini. Kila ofisi ilikuwa na uhakika kamili.

Lililomtesa Mwanne si neno *kifo*. Ni kutokuwa nalo. Kwao mtu akifa, watoto wake hunyoa nywele, matanga huwekwa, na marehemu hupata njia. Kumnyolea baba aliye hai ni kumwua kwa wembe. Kutomnyolea aliyekufa ni kumwacha nje usiku, anabisha, humfungulii. Masika ya pili yalikuwa yamepita, na mke wangu alikuwa bado anashika nywele zake kila asubuhi mbele ya kioo, hajui azisuke au azinyoe.

"Niambieni tu," aliwahi kuniambia, kana kwamba mimi nilikuwa wilaya nzima. "Yuko, au hayuko. Neno moja."

*

Sasa gitaa. Bendi yetu ilikuwa ya mkoa. Vyombo vilikuwa vya mkoa. Hata mvumo wa gitaa langu ulikuwa, nadhani, mali ya umma. Ulikuwa mkubwa. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme hukaa pikapu: sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, na hizo ndizo zinazosikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye amplifaya. Zangu zilisikia nyuzi, na zilisikia pia taa, pasi, na kila jenereta iliyo karibu. Katika sherehe moja mgeni rasmi alikatiza hotuba akatazama juu, akauliza ile ndege inatafuta nini.

Mpiga gitaa mmoja wa Kongo, aliyekuwa akibadili treni stesheni yetu, aliniachia jozi ya pikapu za koili mbili, yaani mizunguko miwili ya waya, naye akaondoka na viatu vyangu vya sherehe. Hizi zina ujanja. Koili ya kwanza imezungushwa kulia, ya pili kushoto, na sumaku zimeelekea kinyume. Sauti ya uzi hupita katika zote mbili ikajumlika. Lakini mvumo wa umeme, ukiingia huku unasema *ndiyo*, ukiingia kule unasema *hapana*. Vinakutana njiani, vinauana, panabaki kimya. Nilipoelewa hivyo nilikaa nikatafakari. Nilikuwa nimeshaona jambo hilo likifanywa na ofisi mbili, bila shaba.

Kasoro yake ilikuwa moja. Nta iliyozibia koili ilikuwa imekauka na kumong'oka. Pikapu isiyo na nta haisikii nyuzi tu. Husikia kila kitu. Ukiisemesha kwa karibu, husema. Ukiongeza sauti, hupiga mluzi wa kuumiza meno. Dawa yake ni kuichovya katika nta ya nyuki iliyoyeyuka, iingie kila upenyo, mpaka koili iwe kiziwi kwa kila kitu isipokuwa uzi.

Nilirudi nyumbani na kopo langu. Nikaweka maji katika sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa, sufuria ndogo ndani yake, maana nta haiwekwi juu ya moto wenyewe. Mwanne alishika kitambaa cha kuchujia.

Ilipoanza kuyeyuka, harufu ilipanda. Asali, moshi, magome ya miti... na chini yake kitu kingine. Kama nguo ya mtu iliyohifadhiwa sandukuni.

"Nta hii umeipata wapi?"

"Kwa Kornel. Ya kijiji."

Mwanne alimimina. Kwenye kitambaa vilibaki vipande vya magome, mabawa, miguu ya nyuki. Aliinama karibu sana. Akachukua kitu kidogo kati ya vidole viwili, akakipangusa, akakiangalia upande huu na huu. Halafu akakifunga pindoni mwa kanga yake.

"Nini?"

"Uchafu tu," alisema.

Nilichovya pikapu ya kwanza. Hapo mapovu hutoka; ni hewa iliyofichama katika waya, na fundi husubiri mpaka yaishe. Yalitoka. Yakakoma. Yakatoka tena, taratibu, yakakoma. Yakatoka... yakakoma. Nilijikuta navuta pumzi pamoja nayo.

"Unasubiri nini?" Mwanne aliuliza.

"Iishe hewa."

Aliangalia sufuria kwa muda mrefu. "Haitaisha," akasema, akaondoka kwenda kukoka moto wa maji ya kuoga.

Nililehemu kwa uangalifu. Waya wa mwisho wa koili ya kwanza na waya wa mwisho wa koili ya pili, pamoja. Wa mwanzo mmoja kwenye kinobu cha sauti, wa mwanzo mwingine kwenye waya wa ardhi. Ukikosea hapo, ukageuza koili moja, ujanja wote unapinduka: nyuzi ndizo zinazouana na mvumo ndio unaojumlika. Sikukosea. Kesho yake nilijaribu kwenye amplifaya ya klabu, mbele ya Mabruki, kiongozi wetu na mwimbaji. Safi. Nilipoacha kupiga, palikuwa na kimya cha msikitini.

"Hiyo ndiyo gitaa ya maendeleo," alisema Mabruki. "Haisemi mpaka iulizwe."

*

Sherehe tuliyoitwa kupiga ilikuwa Mwamko kwenyewe: kijiji kilikuwa kimetangazwa cha mfano, na mgeni rasmi alikuwa anakuja kuuona huo mfano. Mwanne alisema anakwenda. Hakuwa amekanyaga kata ile tangu baba yake apotee. Nilimwambia lori la bendi halina nafasi. Akapanda, akaketi juu ya ngoma.

Mchana ulipita katika hotuba. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipoitwa. Palikuwa na jukwaa la miti mibichi, mlingoti wa bendera, jenereta nyuma ya ghala, na watu wameketi chini kwa mistari, wanaume huku, wanawake kule. Kornel ndiye aliyekuwa na kipaza sauti cha hotuba. Alitualika tuimbe wimbo ambao mkoa ulikuwa umemwagiza Mabruki autunge, na Mabruki aliutunga kama mtu anayejaza maji mtungi wa jirani. Kiitikio chake kilikuwa hiki: *Tumehama kwa hiari yetu.*

Nilianza mimi. Gitaa likaitika vizuri, tamu, bila vumbi. Mabruki akaingia. Watu wa Mwamko walituangalia kwa adabu, kama wanavyoangaliwa watu wanaokuja kupima ardhi.

Tulipofika kwenye kiitikio, nyuzi zilikufa.

Nilikuwa nazipiga. Naziona zinatetemeka chini ya vidole vyangu. Hazikutoka.

Badala yake ukapanda mvumo.

Kwanza nilidhani jenereta. Lakini jenereta huvuma sauti moja tu. Huu ulikuwa mwingi... mdogo mdogo, mwingi, unaosogea. Ubao wa gitaa ulikuwa unapata joto tumboni mwangu. Harufu ikapanda kutoka kwenye pikapu: asali, moshi, nguo ya sandukuni.

Mabruki aliacha kuimba. Akasogea, akanong'ona bila kugeuza uso:

"Abbasi. Zima."

"Nimezima."

Kinobu kilikuwa mwisho. Mvumo haukushuka. Nikachomoa waya. Niliushika mkononi, ncha yake inaning'inia hewani, haikugusa kitu.

Mvumo haukushuka.

Kisha ukakoma mara moja, kama nyuki wanavyokoma mtu anapoweka mkono kwenye mzinga. Katika ile amplifaya ikasikika pumzi. Ikaingia. Ikatoka. Ikaingia...

"Kornel."

Hakuna aliyesogea.

"Kornel. Rudisha kamba."

Ilikuwa sauti ya mzee. Haikuwa na hasira. Kila neno liliwekwa polepole, kama mtu anayejaribu tawi kwa kisigino kabla ya kulikanyaga.

Nilimtazama Kornel. Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwake, na kupitia hicho tukasikia wote jinsi koo lake lilivyomeza.

Halafu ile sauti ikasema neno moja la Kinyamwezi. Moja tu. Kinyamwezi changu mimi, mtoto wa mjini, ni cha sokoni: salamu na matusi. Neno lile halikuwa salamu, wala halikuwa tusi.

Jenereta ikazimika.

Watu wa Mwamko wakasimama. Wote, wanaume huku, wanawake kule, bila kuambizana. Mzee mmoja aliyeitwa Masolwa, aliyekuwa jirani wa Ngollo kule mahameni, akatoka kwenye mstari, akaenda moja kwa moja kwenye mlingoti wa bendera. Akashika kamba. Akaipapasa kuanzia chini mpaka penye fundo, akalizungusha fundo kati ya vidole.

"Fundo hili," alisema, "ni la wapagazi. Wa kulifunga alikuwa mmoja tu aliyebaki."

Kornel alipata sauti. "Kamba ni mali ya kijiji."

Masolwa aliteremsha bendera taratibu, akaikunja vizuri kuliko nilivyowahi kuona ikikunjwa na askari, akaiweka kwenye kiti cha mgeni rasmi, ambacho mgeni rasmi alikuwa ameshakiacha. Kisha akafungua kamba yote.

Mwanne alifika hapo. Alifungua pindo la kanga, akamwonyesha kiganja chake. Kilikuwa kifungo. Kifungo cha koti, cha pembe, chenye uzi wa buluu uliobaki katika matundu yake.

"Nilikishona mwenyewe," alisema. "Sikuwa na uzi mweusi. Baba alisema buluu inatosha, nyuki hawachagui."

Akatazama kule alikokuwa Kornel. "Ulimwacha juu."

"Alikataa kushuka." Kornel hakuwa na kipaza sauti sasa, alikuwa ananong'ona. "Nilichukua kamba ili akione cha moto kidogo. Njaa ingemteremsha. Nilikuwa nirudi kesho yake. Kesho yake kulikuwa na mkutano. Mkutano wa wilaya, dada. Nikadhani ameshateremka."

"Na ukawa unamwuliza mume wangu kama amefika."

"Nilitaka awe amefika," alisema Kornel, na nadhani hilo lilikuwa kweli.

*

Mahame hayakuwa mbali. Ndiyo sababu watu hawakuwahi kuelewa kwa nini walihamishwa. Tulikwenda wote, Masolwa mbele na kamba begani, na mwanga wa mwisho ulikuwa bado juu ya miti tulipofika chini ya mninga mmoja mkubwa, shina lake limenyooka bila tawi, laini, urefu wa nyumba mbili. Bila kamba hashuki mtu pale, labda aanguke.

Vijana waliorina nta walikuwa pamoja nasi. Mmoja alianza kulia kabla hatujatazama juu. Alisema mizinga mingine yote iliwauma, isipokuwa mmoja uliokaa kwenye panda. Ule nyuki wake walikuwa wapole, wakawaachia nta yote waliyotaka. Walidhani ni mzinga uliofunikwa nguo. Ilikuwa usiku, giza ndani yake, walisema, na walitumia mikono.

Tukatazama juu.

Kwenye panda palikuwa na koti. Limeketi. Mgongo umeegemea shina, mikono miwili imekumbatia tawi, na limefungwa vifungo vyote isipokuwa kimoja. Ndani yake, kuanzia kiunoni mpaka kwenye kola, palikuwa na masega.

Sikuona kitu kingine. Wengine wanasema waliona. Mimi nasema koti.

Masolwa alitupa kamba ikapita juu ya panda, akaifunga chini kwa fundo lake mwenyewe, akajaribu kama litabeba. "Kamba yako hii, Ngollo," alisema. "Samahani kwa kuchelewa."

Mwanne aliketi kwenye mizizi, akavua kilemba. Masolwa alimnyoa pale pale, kwa wembe wa mmoja wa wanawake, na yeye hakulia mpaka nywele za mwisho zilipoanguka. Mwanamke mwingine akaketi karibu naye, kisha mwingine. Tulirudi gizani.

Asubuhi vijana walikwenda na ngazi kuliteremsha koti, lizikwe.

Kamba ilikuwepo, inayumba kidogo. Panda lilikuwa tupu.

*

Kamati iliundwa. Ilikaa Tabora, chini ya feni, na ilihoji kwa uchungu mkubwa ni nani aliyeteremsha bendera kabla ya saa kumi na mbili. Kuhusu ile sauti, fundi mmoja wa kamati alieleza kwamba pikapu yenye koili mbili, waya zikigeuzwa, huua nyuzi na kuacha mvumo; na pikapu isiyozibwa vizuri hunasa maneno ya watu walio karibu. Maelezo mazuri. Nilifungua gitaa siku hiyo hiyo. Kila waya ulikuwa pale nilipoulehemu. Na hakukuwa na tone la nta. Koili zilikuwa kavu, safi, kama zilivyotoka Kongo. Sikupinga. Tamko la kamati halipingwi, husubiriwa lisahauliwe.

Kuhusu mzee Ngollo, ilikubalika kwamba alihama kwa hiari.

Kornel alipandishwa cheo. Alipewa wilaya nyingine, ofisi yenye zulia. Baadaye tulisikia amehamishwa, halafu amehamishwa tena, na sababu ilikuwa ndogo, ya kuchekesha kidogo: nyuki. Kila ofisi aliyopewa, walihamia darini. Walipuliziwa dawa, wakaondoka, na alipohamia kwingine walimtangulia. Hawakumuuma hata siku moja. Walikaa tu juu yake, kila mahali wakiwa chini kidogo kuliko mahali pa kwanza: mara darini, mara juu ya kabati, mara nyuma ya kiti.

Na Kornel, asiyejua Kinyamwezi, alimwuliza lile neno kila Mnyamwezi aliyekutana naye. Alilikariri vibaya, lakini lilieleweka. Walimwambia hawalijui. Hata dereva wake, mtu wa Sikonge, alimwambia labda ni Kihehe.

Alikuja kwetu jioni moja, amestaafu kwa sababu za afya. Nilikuwa barazani nafunga nyuzi mpya. Alikuwa amekonda, na alitembea kama mtu anayejizuia kugeuka. Mwanne alikuwa ndani, anajisuka. Nywele zilikuwa zimerudi, zikiwa na mvi. Alitoka, akasimama mlangoni. Hakumwamkia, ingawa Kornel alimzidi miaka.

"Dada," alinong'ona Kornel. "Sina mengine. Lile neno... alisema nini?"

Nilidhani atafunga mlango, kama walivyofanya wote. Mimi mwenyewe sikuwahi kuambiwa, na nilikuwa nimeacha kuuliza.

"Wewe ulimwambia nini, alipokuwa juu?"

"Nilimwambia ashuke."

"Basi alikujibu. Alisema: *Nashuka*."

Kornel alisubiri. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Aliketi kwenye ngazi ya baraza. Akacheka, machozi yakamtoka, akajifuta kwa kofia. Miaka yote ile, alisema, alidhani ni laana. Alidhani ametajiwa siku yake. Kumbe mzee alikuwa anajibu tu, kwa utii, kama raia mwema.

"Baba hakuwa mtu wa haraka," alisema Mwanne. "Lakini hakuwahi kusema anashuka, akabaki juu."

Kornel hakusikia, au hakutaka kusikia. Alisimama mwepesi, akavaa kofia, akatuaga. Alikuwa ameshashuka ngazi, uchochoroni kukiwa na giza nyuma yake, na harufu ikanifikia hapo nilipokaa: asali, moshi, nguo ya sandukuni. Gitaa lilikuwa mapajani mwangu, halikuchomekwa popote. Ubao ukaanza kupata joto.

Mwanne alipiga goti kidogo, kama anavyofanya binti mwenye adabu.

"Shikamoo," alisema.

Kornel aligeuka, uso umemng'aa. "Marahaba, dada. Marahaba."

"Sikukuamkia wewe," alisema Mwanne.